Kuukinga Mwili: Mbu na Ugonjwa wa Matende

1. Afya hujengwa na hukingwa

Katika masomo yaliyotangulia tuliona kwamba mwili unahitaji chakula cha kutosha, maji safi, mazoezi na usingizi. Mtoto apataye mambo hayo hukua vizuri, huwa na nguvu za kucheza, na huelewa masomo yake. Hata hivyo, mwili wenye nguvu unaweza kuharibiwa na mdudu asiyezidi urefu wa punje ya mchele. Kwa hiyo kazi ya kuitunza afya ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kuujenga mwili. Sehemu ya pili ni kuukinga. Somo hili linahusu sehemu ya pili.

Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni kubwa iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vya kujisomea, wakasikiliza redio na kusoma vitabu vidogo kuhusu malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Kampeni iliendelea kwa muda wa majuma 12. Kila kikundi kilipomaliza kusikiliza kilijiuliza: sisi hapa kijijini tutafanya nini? Kisha watu walichimba vyoo, walifyeka majani yaliyozunguka nyumba, na walifukia mashimo yaliyotuama maji. Walijifunza, halafu wakatenda.

Nanyi mtajifunza kwa njia hiyo hiyo. Tutauchunguza ugonjwa mmoja ambao umewasumbua watu wa Tanga na pwani yetu kwa muda mrefu sana, yaani matende. Tutaona unatoka wapi, unaenezwaje, na ni hatua zipi ambazo hata mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kuzichukua.

2. Matende na mabusha

Huenda umewahi kumwona mtu ambaye mguu wake umevimba, ngozi ikawa nene na yenye mikunjo. Huo ndio ugonjwa wa matende. Wanaume wengine huvimba korodani kwa sababu maji hujikusanya humo. Hali hiyo huitwa busha. Matende na mabusha mengi ya pwani huletwa na kitu kimoja.

Ugonjwa huu hauui upesi, lakini huondoa uwezo wa kufanya kazi. Mvuvi wa Pangani mwenye matende hawezi kusimama majini akavuta wavu. Mkata mkonge wa Muheza hawezi kutembea katikati ya mistari ya mkonge tangu asubuhi. Mama mwenye mguu mzito huona kisima kiko mbali, hata kama kiko karibu. Mara kwa mara wagonjwa hupatwa na homa kali, na mguu huuma na kuwa mwekundu. Tena wako watu wasio na adabu ambao huwacheka. Mwanafunzi aliyesoma hamcheki mgonjwa, kwa sababu anajua kwamba mtu yeyote aumwaye na mbu angeweza kupatwa vivyo hivyo.

3. Minyoo waishio ndani ya mwili

Matende huletwa na minyoo wembamba kama uzi. Mnyoo jike aliyekomaa huwa na urefu wa sentimita 8 hadi 10, na dume ni mfupi zaidi. Minyoo hawa si kama wale wa tumboni. Wao huishi ndani ya mishipa ya limfu.

Mishipa ya limfu ni nini? Unajua kwamba damu hupita katika mishipa ya damu. Sehemu ya maji ya damu huvuja na kuingia katika nyama ya mwili. Maji hayo hukusanywa na mishipa mingine myembamba na kurudishwa katika damu. Maji hayo huitwa limfu. Yafananishe na maji ya mvua katika mji, na mishipa ya limfu uifananishe na mitaro iyaondoayo. Mtaro ukiziba, maji hutuama. Ndivyo itokeavyo mguuni: minyoo huiharibu mishipa ya limfu, maji hayarudi vizuri, na mguu huvimba. Vijidudu vingine vikiingia kupitia vidonda vidogo vya ngozi, uvimbe huongezeka.

Mnyoo aliyekomaa anaweza kuishi miaka mitano au zaidi. Katika muda huo mnyoo jike huzaa minyoo wachanga wengi mno. Hawa ni wadogo kiasi kwamba hawaonekani kwa macho. Huonekana kwa hadubini tu. Minyoo wachanga huingia katika damu, nao wana tabia ya ajabu: mchana hujificha katika mishipa iliyo ndani ya mwili, hasa katika mapafu. Usiku hutoka na kuenea katika damu iliyo karibu na ngozi. Huwa wengi zaidi karibu na saa sita ya usiku. Ndiyo maana waganga waliotaka kupima damu kwa hadubini walilazimika kwenda vijijini usiku, watu wakiwa wamelala.

Kwa nini saa hizo? Fikiri kidogo kabla ya kuendelea kusoma. Ni mdudu gani afikaye kunywa damu usiku?

4. Mbu ndiye msafirishaji

Mbu jike huhitaji damu ili mayai yake yakomae. Mbu dume hanywi damu. Yeye hula maji matamu ya maua. Mbu jike akimwuma mtu mwenye ugonjwa, hunywa damu pamoja na minyoo wachanga. Ndani ya mwili wa mbu minyoo hao hukua kwa muda wa siku 10 hadi 14 hivi. Kisha huhamia karibu na mdomo wa mbu. Mbu huyo akimwuma mtu mwingine, minyoo hutoka na kuingia mwilini kupitia tundu la ngozi.

Hapa ipo tofauti kubwa baina ya matende na malaria. Vimelea vya malaria huongezeka ndani ya mbu na ndani ya mtu, kwa hiyo mtu anaweza kuugua baada ya kuumwa mara moja tu. Minyoo ya matende hukua ndani ya mbu, lakini haiongezeki humo. Tena mnyoo jike na mnyoo dume sharti wakutane katika mwili wa mtu ndipo wazae. Kwa hiyo kwa kawaida mtu hupata matende baada ya kuumwa na mbu mara nyingi sana, kwa miezi na miaka. Watu wengi huambukizwa wakiwa watoto, ingawa mguu huvimba ukubwani. Kwa sababu hiyo kinga yenye maana ni ile ianzayo katika umri wako.

5. Je, madafu huleta mabusha?

Wako watu wa pwani wasemao kwamba mabusha huletwa na kunywa madafu. Wengine husema ni uchawi. Mwanafunzi wa sayansi hawadharau wazee wake, bali huuliza: tunajuaje?

Tuipime kauli hiyo. Ni kweli kwamba mahali penye minazi mingi pamekuwa na mabusha mengi. Lakini minazi hustawi katika nchi ya chini, yenye joto na unyevu. Nchi ya namna hiyo ndiyo wapendayo mbu pia. Wakati wa masika utaona miavuli na matope kwa pamoja. Je, miavuli ndiyo iletayo matope? La. Vyote viwili huja kwa sababu ya mvua. Vivyo hivyo madafu na mabusha huonekana mahali pamoja, lakini kimoja si sababu ya kingine.

Mwaka 1877 daktari Patrick Manson, aliyekuwa akifanya kazi mjini Amoy katika nchi ya China, aliwaacha mbu wamwume mtu aliyekuwa na minyoo wachanga katika damu. Baadaye aliwapasua mbu hao na kuwatazama kwa hadubini. Aliwaona minyoo wakikua ndani ya mbu. Ila yeye alidhani kwamba watu huambukizwa kwa kunywa maji waliyofia mbu. Mwaka 1900 watafiti wengine waliwaona minyoo katika mdomo wa mbu, nao wakatambua kwamba njia ni kuumwa. Hivyo ndivyo sayansi iendavyo: jambo huchunguzwa, na likionekana lina kosa husahihishwa.

Basi unaweza kunywa dafu lako bila hofu. Lakini ukishalinywa, usikitupe kifuu uani. Sababu yake utaiona sasa hivi.

6. Maisha ya mbu

Mbu hupitia hatua nne: yai, kiluwiluwi, pupa na mbu kamili. Hatua tatu za kwanza ni za majini. Katika nchi ya joto kama Tanga, yai linaweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 14. Mbu jike mmoja wa aina ya kuleksi anaweza kutaga mayai 200 kwa mara moja. Tuseme nusu yake huwa majike, na kila jike hutaga mayai 200 tena. Wajukuu wa mbu mmoja watakuwa 20,000. Si wote waishio, kwa maana samaki, kereng'ende na buibui huwala wengi. Lakini waonaje wewe: ni rahisi kumwua mbu mmoja leo, au 20,000 mwezi ujao?

Mbu hawafanani wala hawapendi maji ya namna moja. Zijue aina tatu zifuatazo:

(a) Anofelesi. Hutaga katika maji yaliyo safi kiasi na yasiyokwenda, kama vile vidimbwi vya mvua, mashamba ya mpunga na mashimo yachimbwayo udongo wa kukandikia nyumba. Huuma usiku. Hueneza malaria, na vijijini hueneza matende pia. Akitua ukutani huinua mkia juu.

(b) Kuleksi. Hutaga katika maji machafu, kama vile vyoo vya shimo vyenye maji, makaro na mitaro iliyoziba. Huuma usiku. Katika miji ya pwani yeye ndiye mwenezaji mkuu wa matende. Akitua, mwili wake hulala sambamba na ukuta.

(c) Aedesi. Ana madoa meupe miguuni. Hutaga katika vyombo vidogo vyenye maji: vifuu vya nazi, makopo, matairi na mapipa. Huuma mchana. Katika nchi yetu si yeye aenezaye matende, bali hueneza homa ya dengi. Mwaka 2019 ugonjwa huo uliwapata watu wengi Dar es Salaam na Tanga.

Sasa umeona kwa nini kifuu cha dafu ni hatari. Hatari yake haimo katika maji utakayokunywa, imo katika maji ya mvua yatakayoingia humo baadaye.

Jaribio la kwanza: Kuchunguza viluwiluwi

Vifaa: chupa au glasi ya kioo, kipande cha kitambaa chepesi, uzi au mpira wa kufungia.

Njia: Pamoja na mwalimu wako, tafuta viluwiluwi katika kopo, kifuu au kidimbwi kilicho karibu na shule. Usichukue maji ya chooni wala ya karo. Yatie maji hayo chupani pamoja na viluwiluwi. Funika mdomo wa chupa kwa kitambaa, ukifunge kabisa. Weka chupa mahali penye kivuli. Itazame kila siku saa ile ile. Andika katika daftari: ni viluwiluwi wangapi, pupa wangapi, na mbu wangapi.

Angalia: Viluwiluwi hufanya nini unapogonga chupa? Wakishakwenda chini, je, hukaa huko? Kwa nini hurudi juu?

Mwisho wa jaribio, mwalimu atamwaga maji ya moto chupani kabla ya kitambaa kuondolewa. Nawa mikono kwa sabuni.

Jaribio la pili: Viluwiluwi na hewa

Tia maji katika glasi mbili. Iite moja A na nyingine B. Weka viluwiluwi 10 katika kila glasi. Katika glasi B tia matone machache ya mafuta ya kupikia, mpaka mafuta yafunike uso wa maji. Usitie kitu katika glasi A. Zifunike zote kwa kitambaa. Zitazame baada ya saa moja, na tena kesho yake. Hesabu walio hai katika kila glasi.

Utaona nini? Viluwiluwi huishi majini lakini huvuta hewa ya juu ya maji. Uso wa maji ukifunikwa, hukosa hewa na kufa. Kwa nini tulihitaji glasi A? Eleza kwa maneno yako mwenyewe.

Tahadhari: Usitie mafuta katika maji ya kunywa wala katika kisima.

7. Jinsi watu wa Makunduchi walivyofanya

Jambo uliloliona katika glasi B limewahi kufanywa kwa ajili ya mji mzima. Makunduchi ni mji ulio kusini mwa kisiwa cha Unguja. Matende yalikuwa mengi huko, na mbu wa kuleksi walikuwa wakizaliana katika vyoo vya shimo vyenye maji. Mwaka 1988 chembe nyepesi za plastiki zilimwagwa katika vyoo hivyo. Chembe hizo ni za polistirini, yaani plastiki nyeupe na nyepesi ambayo redio na televisheni hufungwa nayo ndani ya boksi. Huelea, hazizami wala haziozi. Zilitanda juu ya maji ya vyoo kama blanketi. Mbu hawakupata mahali pa kutaga, na viluwiluwi hawakupata hewa. Wakati huo huo watu walipewa dawa ya kuwaua minyoo.

Matokeo yalikuwa makubwa. Mbu walipungua sana. Kabla ya kazi hiyo, karibu nusu ya watu waliopimwa walikuwa na minyoo wachanga katika damu. Baada ya miaka michache walibaki wachache tu. Kumbuka: walioshambuliwa ni mbu na minyoo, wala siyo madafu.

Habari hii inatufundisha neno jingine kuhusu vyoo. Choo ni lazima, maana hutukinga na kuhara, kipindupindu na minyoo ya tumboni. Lakini choo kibaya, chenye maji na kilicho wazi, hulea mbu. Basi haifai kuacha kutumia choo, bali kukitengeneza vizuri. Kijengwe mahali palipoinuka ili maji ya mvua yasiingie. Tundu lifunikwe baada ya kutumiwa. Bomba la hewa, kama lipo, lifungwe wavu juu yake.

8. Dawa ya mara moja kwa mwaka

Mwaka 2000 nchi yetu ilianza mpango wa kuwapa watu wote dawa ya matende, hata wasiojiona wagonjwa. Mpango ulianzia kisiwa cha Mafia. Mkoa wa Tanga ulifikiwa mwaka 2004. Watu walipewa dawa mbili kwa pamoja, ivamektini na albendazoli, mara moja kila mwaka. Kiasi cha vidonge vya ivamektini hujulikana kwa kumpima mtu kimo kwa fimbo yenye alama. Watoto wenye umri chini ya miaka mitano, wajawazito na wagonjwa mahututi hawapewi.

Huenda ukauliza maswali mawili. La kwanza: kwa nini mtu asiyeumwa anywe dawa? Kwa sababu mtu anaweza kuwa na minyoo wachanga katika damu kwa miaka mingi bila kuvimba. Yeye hajui, bali mbu humchukulia minyoo na kuipeleka kwa jirani yake.

La pili: kwa nini dawa itolewe mwaka hata mwaka? Dawa hizi huwaua minyoo wachanga, lakini nyingi ya minyoo iliyokomaa hubaki hai, na baada ya muda huzaa tena. Watu wakinywa dawa kila mwaka, damu yao hukaa karibu bila minyoo wachanga, na mbu hukosa cha kusafirisha. Hali hiyo ikiendelea miaka mitano au zaidi, minyoo mikubwa huzeeka na kufa yenyewe bila kuacha warithi. Sharti ni moja: karibu watu wote wanywe. Nyumba kumi zikinywa na nyumba kumi zikakataa, mbu watapata mzigo wao katika zile zilizokataa.

Katika wilaya nyingi za nchi yetu ugawaji wa dawa hii umekwisha kusimamishwa, kwa kuwa vipimo vilionyesha kwamba maambukizo yamepungua sana. Huu ni ushindi wa watu waliokubali kutenda kwa pamoja. Dawa ikigawiwa shuleni au mtaani kwenu, ipokee kutoka kwa mhudumu wa afya tu. Kula kabla ya kuimeza, na mweleze mhudumu kama u mgonjwa.

9. Hatua za kuchukua nyumbani

Magonjwa ya mbu hayaondoki kwa kusoma tu. Yatende mambo haya:

Kwanza, lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, wakati wa kiangazi na wakati wa masika. Chomeka pindo lake chini ya godoro au mkeka. Kikitoboka, kishone siku hiyo hiyo. Katika miaka ya 1980 na 1990, vijiji vya Muheza vilikuwa miongoni mwa mahali walipofanyia kazi watafiti waliovipima vyandarua vilivyotiwa dawa. Chandarua ulaliacho leo kimetokana na kazi za namna hiyo. Si cha kuvulia dagaa wala cha kufunikia miche.

Pili, ondoa maji yaliyotuama. Funika mitungi na mapipa. Vifuu vichomwe au vifukiwe. Makopo yafukiwe. Ngalawa isiyotumika ipinduliwe. Mtaro uzibuliwe.

Tatu, zuia mbu wasiingie. Weka wavu madirishani kama inawezekana. Jioni vaa nguo zinazofunika mikono na miguu.

Nne, osha miguu yako kila siku kwa maji na sabuni, na uvae viatu. Viatu hukukinga pia na safura, ambayo vimelea vyake huingia kupitia ngozi ya nyayo.

Tano, msaidie aliye mgonjwa. Mwenye matende anaweza kupata nafuu kubwa kwa kazi ndogo za kila siku. Mguu uoshwe kwa maji na sabuni, hasa katikati ya vidole na ndani ya mikunjo. Ukaushwe polepole kwa kitambaa safi, bila kuusugua. Vidonda vidogo vitiwe dawa. Akikaa, auinue mguu juu ya kigoda. Akilala, aweke mto chini yake. Auzungushe mguu na kuukunja mara kwa mara ili limfu itembee. Homa kali ikija, apelekwe zahanati. Mwenye busha anaweza kupasuliwa hospitali na kupona, akarudi katika kazi yake.

Kazi ya kufanya: Ukaguzi wa kila Jumamosi

Katika daftari lako piga mistari ufanye safu nne. Juu yake andika: Mahali, Maji yapo?; Viluwiluwi wapo?; Hatua niliyochukua. Kila Jumamosi, kwa majuma manne, kagua nyumba yenu na ua wake pamoja na mtu mzima. Tazama mapipa, mitungi, vifuu, makopo, matairi, mifereji ya bati na mashimo. Jumatatu leta daftari darasani. Mchore ubaoni grafu moja ya darasa zima, kuonyesha idadi ya mahali palipokuwa na viluwiluwi kila juma. Je, idadi inapungua?

Kwa nini tumechagua kukagua kila juma na wala si kila mwezi? Rudi katika sehemu ya 6, utapata jibu katika siku za kukua kwa mbu.

10. Muhtasari

Matende na mabusha ya pwani huletwa na minyoo waishio katika mishipa ya limfu. Minyoo wachanga huenea katika damu usiku. Mbu jike huwachukua na kuwapeleka kwa mtu mwingine. Mtu huambukizwa baada ya kuumwa mara nyingi, mara kwa mara tangu utotoni. Madafu na uchawi havileti ugonjwa huu. Tunajikinga kwa chandarua, kwa kuondoa mazalio ya mbu, kwa kutengeneza vyoo vizuri, na kwa kunywa dawa itolewapo. Mgonjwa husaidiwa kwa usafi wa mguu na kwa heshima. Kinga ni bora kuliko tiba.

Maswali

1. Taja hatua nne za maisha ya mbu. Ni zipi ambazo ni za majini?

2. Kwa nini damu ya mtu mwenye minyoo ya matende ilipimwa usiku?

3. Eleza tofauti moja baina ya jinsi mbu anavyoeneza malaria na anavyoeneza matende.

4. Jirani yako anasema, "Mimi siumwi chochote, sihitaji dawa ya matende." Utamjibuje kwa adabu?

5. Mnyoo aliyekomaa huishi miaka mitano au zaidi. Eleza kwa nini dawa iligawiwa kwa miaka kadhaa badala ya mwaka mmoja.

6. Chembe za plastiki za Makunduchi na mafuta ya glasi B hufanana katika kazi. Vipi?

7. Mtu mmoja alikwisha kuacha kabisa kunywa madafu, lakini hulala bila chandarua karibu na choo kilicho wazi. Je, amejikinga na mabusha? Toa sababu.

8. Katika nyumba moja kulionekana vifuu 15 vyenye maji. Katika kila kifuu mlikuwa na viluwiluwi 12. Kama hakuna aliyekufa, mbu wangapi wangetoka? Ingechukua dakika ngapi kuvipindua vifuu hivyo, kama kila kimoja huchukua sekunde 8?

9. Chora mguu uliovimba ukiwa juu ya kigoda. Andika chini ya picha mambo manne ambayo mgonjwa hufanya kila siku.

10. Waulize wazee wawili wa mtaa wenu wanavyofahamu kuhusu chanzo cha matende. Sikiliza kwa heshima na uandike majibu yao. Kisha waeleze uliyojifunza katika somo hili, na uandike walivyokujibu.